Zamu ya Kumsemea Baba Mkubwa

Gabrovo, Bulgaria
4 Julai

Mpendwa Baba Mkubwa Radko,

Kabla hata sijakujulia hali, nakuambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote kabla ya wiki hii: nataka kusomea ujalidi wa vitabu, katika shule ileile uliyosoma wewe kule Sofia. Kwenye simu ningelia, ndiyo maana naandika.

Sasa nipe habari zako. Mgongo unaendeleaje? Na joto la Valencia? Sisi hatujambo. Baba yuko safarini na lori. Bibi Tsona anaumwa magoti, lakini kila asubuhi anapalilia nyanya zake na hataki kusaidiwa.

Mtihani wa darasa la saba umekwisha. Nimepata sita, alama ya juu kabisa, na hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu. Unajua wanavyosema hapa kwetu: mwenye sita haendi ufundi. Mama ameshaniona moyoni mwake nikiwa shule ya lugha, ng'ambo ya mto tu, nikirudi nyumbani kula mchana.

Mwezi wa Mei alikuja shuleni mtafiti wa chuo kikuu, Bi Nedelcheva, kusikia maoni yetu kuhusu elimu ya ufundi. Alituketisha wanane kwa duara, kinasa sauti katikati. Kila mtu aseme kwa zamu, asikatizwe, na hakuna jibu la kosa. Katika mzunguko wa kwanza karibu wote walisema ufundi ni wa waliofeli. Mimi nilisema bado nafikiri.

Mzunguko wa pili, kila mmoja alitakiwa kumchagua mtu mzima anayemjua, aliyesomea ufundi, amsemee kana kwamba ndiye yeye. Nikakuchagua wewe.

"Yule wa machungwa?" akasema Lachezar wa darasani kwetu. "Haya mzee, tupimie kilo mbili."

"Zamu yako bado, Lachezar," Bi Nedelcheva akamwambia.

Nikaanza kwa sauti yako, nikieleza jinsi unavyoshona kurasa kwa uzi uliopakwa nta. Nilikuwa naendelea vizuri mpaka Bi Nedelcheva aliponiuliza, "Na sasa unachuma machungwa Hispania. Unajutia kusomea ujalidi?"

Nikaiacha sauti yako, nikasema kwa yangu mwenyewe, "Sijui. Nyumbani hatujawahi kumwuliza."

Hata Lachezar hakucheka.

Baba Mkubwa, tangu siku ile sina raha. Nyumbani tunakutaja kama onyo: soma, usije ukachuma matunda ya watu. Tunakutaja hivyo mezani, tukila, na hakuna aliyewahi kukuuliza mwenyewe unaonaje.

Juzi jikoni nilimweleza Mama kwamba nataka shule yako. Aliweka kisu chini.

"Shule hiyo ndiyo iliyompeleka shemeji kwenye machungwa."

"Kilichofungwa ni kiwanda alichofanyia kazi, Mama. Shule haikumfukuza."

"Na kiwanda chako wewe kitafungwa lini, mwanangu?"

Nilimwambia tu kwamba nitakuuliza wewe. Akasema fomu za kuchagua shule zinafungwa wiki hii, barua itafika lini?

Nakuomba uniambie ukweli, hata kama ni mchungu. Sitaki jibu la kunifurahisha, wala la kumfurahisha Mama.

Msalimie sana Mama Mkubwa Penka. Bibi Tsona anawaombea heri nyote wawili, na anasema mgongo usugue kwa rakia, ile pombe yetu kali, usiinywe.

Jibu lako sikuweza kulingoja. Leo asubuhi nilijaza fomu: nafasi ya kwanza shule yako ya uchapaji kule Sofia, nafasi ya pili shule ya lugha. Mama aliisoma, akatia sahihi, akarudi jikoni kuoka pilipili. Nikavaa viatu, nikaipeleka mwenyewe.

Mungu akutunze huko ulipo.

Mwanao akupendaye na kukuheshimu,
Zornitsa