Kwale Wakiruka

12 Aprili

Dada,

Salamu kutoka chumba changu cha nyuma ya hospitali. Sijambo, kwa kipimo cha mtu anayefungwa kwenye mashine mara tatu kwa wiki. Damu inatoka mkono huu, inasafishwa, inarudi, nami nimelala pale kama nguo iliyolowekwa. Wewe na goti lako mnaendeleaje?

Nimepata kibarua cha kuchonga funguo kwenye kibanda kilicho langoni. Mwenye kibanda mkewe naye yuko kwenye mashine hizihizi, kwa hiyo nikichoka hanisemi.

Nakuandikia kuhusu Kidole. Mwenye bucha amenipigia simu, anamtaka. Mpe. Mbwa wa kuwinda ndege asipopanda mlima anaharibika, na figo zangu, madaktari wamenieleza wazi, hazitarudi kufanya kazi. Sitarudi kukaa huko. Bunduki iache kabatini na kufuli lake mpaka tujue la kufanya.

Usinipigie kwa habari hii. Simu inakwisha kabla sijakusikia vizuri. Andika. Barua naweza kuisoma taratibu mashine ikizunguka.

Mdogo wako


25 Aprili

Mdogo wangu,

Mwandiko wako haujapinda, nimeshukuru. Goti langu ni lilelile, linatabiri mvua kuliko redio. Wewe unakula? Na usinijibu "kidogo kidogo".

Mwenye bucha alikuja, anasema anataka mbwa wa kulinda duka. Nikamwambia, "Bwana wee, huyu akimwona mwizi atanyanyua mguu mmoja, atanyoosha mkia, atakuonyesha mwizi alipo, halafu atangoja wewe upige." Akacheka, lakini kamba alikuwa ameshaitoa mfukoni.

Kidole hakubweka wala hakuuma. Alilala juu ya koti lako la kuwindia, lile nililolitoa msumarini ili nilifue, akajifanya mzito kama gunia la saruji. Mwenye bucha akavuta mpaka akaona aibu mwenyewe, akaenda zake. Tangu hapo mbwa hali. Nimekuwa mlezi wa mfiwa, na marehemu yu hai, anachonga funguo.

Basi jana nikaacha sare za shule kwenye cherehani, nikapanda naye mlimani. Mimi, niliyekuwa nakucheka kwamba unatembea kutwa nzima kutafuta nyama isiyofunika hata kitako cha sufuria. Kule juu, kwenye majani ya kufika magotini, akasimama ghafla kama mtu aliyekumbuka jambo. Nikamwita, hasogei. Nikamvuta, hasogei. Hebu nieleze, akisimama hivyo mtu anafanya nini?

Dada yako


4 Mei

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma sindano ikiwa mkononi, muuguzi akanikanya nisicheke, mirija inatikisika. Nakula. Si kidogo kidogo. Kidogo.

Akisimama, usimwite kabisa. Anakwambia kwale wako mbele ya pua yake. Panda huku upepo ukikupiga usoni, ili yeye awanuse kabla wao hawajawasikia. Mpite ubavuni polepole, umsemeshe kwa sauti ya chini. Kwale watajibana ardhini mpaka ukaribie kuwakanyaga, ndipo waruke wote pamoja kwa kishindo cha kukutoa roho. Mwenye bunduki hapo anachagua mmoja. Anayewataka wote hapati hata unyoya.

Je, alisimama chini ya lile jiwe lenye ufa? Kama ni hapo, juu yake kidogo kuna chemchemi. Hapa maji napimiwa kwa kikombe, dada. Nikifumba macho naisikia chemchemi ile kooni.

Kwa mwenye bucha, mwambie nimeghairi.

Mdogo wako


30 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo? Huku wote wazima, mbwa ndiye mzima kuliko wote.

Kibali cha bunduki kimetoka kwa jina langu. Ofisa alitazama miwani yangu, akatazama nywele zangu, akauliza, "Mama, unataka kumpiga nani?" Nikasema kwale. Akauliza, "Na mumeo yu salama?" Nikamwambia yule alishajifia mwenyewe, bila msaada wangu. Akagonga muhuri. Kisha mwalimu wao wa shabaha akanisumbua na makopo juu ya ukuta mpaka bega likawa la zambarau. Kumbe hii ni bunduki nyepesi. Nzito ingenizika.

Nimekosa mara nyingi mno. Kidole ameanza kunitazama kama mimi ninavyomtazama mwanafunzi aliyekata kitambaa kinyume. Lakini jana asubuhi alisimama chini ya jiwe lenye ufa, nikampita kama ulivyonielekeza, wakaruka, nikachagua mmoja. Akaanguka. Sikuamini kama ni mimi.

Kidole akamfuata majanini, akamleta. Hakunipa. Alinipita na ndege mdomoni, akashuka kwenye kijia unachopandia wewe, akasimama pale akitazama chini bondeni. Nilimwacha. Alipochoka kungoja, akarudi, akamweka mkononi mwangu taratibu, kama anayetoa kitu cha mwenyewe.

Dada yako


28 Julai

Mdogo wangu,

Sijapata jibu. Labda barua imepotea njiani. Msimu unaendelea, nimewapata wawili zaidi. Niambie unaendeleaje.

Dada yako


19 Agosti

Mdogo wangu,

Nimempigia mwenye kibanda. Anasema u mzima, uko hapo unachonga. Nikamwambia asikupe simu. Kama nimekukosea, sema. Mimi si ukuta, lakini naweza kusemeshwa kama ukuta, nimezoea.

Dada yako


2 Septemba

Dada,

Shikamoo, na samahani kwa kimya. Hujanikosea.

Ile barua ya kwale wa kwanza niliisoma mpaka mikunjo yake ikakatika. Nilifurahi, nikamsimulia hata mama wa kitanda cha jirani ambaye hajawahi kumwona kwale. Halafu nikafika pale Kidole alipomweka ndege mkononi mwako, nikaona wivu, tena wivu wa kitoto. Nikaona haya kumwonea wivu dada yangu aliyeacha kazi zake kwa ajili ya mbwa wangu. Barua mbili zilizofuata zilikaa chini ya mto, sikuzifungua mpaka leo.

Nilidhani habari za mlima zitanishibisha. Zinanitia njaa. Naomba usiniandikie tena habari hizo. Niandikie mengine.

Mdogo wako


10 Septemba

Mdogo wangu,

Nimekusikia. Haya, mengine.

Mwalimu mkuu amebadili rangi ya kola, kutoka bluu kwenda bluu nyingine. Nimefumua sare zote nilizokwisha kushona. Jirani amenunua jogoo asiyejua alfajiri, anawika mchana watu wakisinzia. Vifungo vyeusi vimeadimika. Mvua bado.

Ndiyo hayo.

Dada yako


24 Septemba

Dada,

Shikamoo. Habari za kola nimezisoma mara mbili nikitafuta kwale katikati ya mistari. Hawamo. Ni vibaya zaidi.

Nimemwuliza daktari. Mwisho wa wiki, kati ya mashine moja na nyingine, kuna nafasi ya kutosha mtu kwenda na kurudi. Hakupenda, lakini hakukataa. Masharti: nisizidishe maji, nisichelewe, na huu mkono wa sindano usibebe kitu wala kupigwa na kitako cha bunduki. Kwa hiyo utapiga wewe. Mimi nitatembea tu.

Nitakuja Ijumaa ya wiki ijayo kwa basi la mchana. Usimwambie Kidole, nisije nikazidiwa akangoja bure.

Mdogo wako


7 Oktoba

Dada,

Nimefika, nimeshasafishwa. Uso ulikuwa umevimba, muuguzi akanisema mbele ya watu. Lile funda la chemchemini nilikudanganya, hayakuwa maji ya kusukutua. Daktari ameandika kwenye faili langu kwamba safari kama ile isirudiwe. Nilimwomba aandike "kwa sasa". Akasema, tutaona.

Nataka kukuuliza jambo, tangu garini limenikaa.

Mlikuwa mmenitangulia mbali, wewe na mbwa. Nikamwona amesimama, mguu juu, na wewe umesimama ubavuni kwake, hamsogei. Nikajua mnaningoja. Ninapanda kidogo, naketi, ninapanda, naketi. Kila nikiinua uso mko vilevile. Nilikuwa nasema moyoni, wataruka, hakuna kwale anayengoja mgonjwa. Sijawahi kuona mbwa akivumilia namna ile. Nilipofika mwili wake wote ulikuwa unatetemeka, lakini mguu hakuushusha. Nikamwekea mkono mgongoni, nikampita.

Wakaruka wote, dada, kundi zima, mbele ya uso wako, umbali ambao hata mwenye bucha asingekosa. Nikangoja mlio. Haukuja. Nikageuka, nikakuona umeshika bunduki kama mwiko.

Sikuuliza pale kwa sababu pumzi sikuwa nayo. Sasa nauliza. Kwa nini hukupiga?

Mdogo wako


15 Oktoba

Mdogo wangu,

Pole kwa uvimbe, na kwa kusemwa mbele ya watu. Lile funda nililiona likishuka kooni.

Swali lako ni jepesi. Sikuwaona. Kishindo nilikisikia, nikajua wameruka, na nilijua kazi yangu ni ipi. Lakini wewe ulikuwa umefungua mdomo kama ulipokuwa mdogo, mkono wako mzima uko hewani, unawafuata kwa macho mpaka ng'ambo ya kilima. Nilikuwa nakutazama wewe. Walipotua, nikakumbuka kwamba nina bunduki.

Basi lilipoondoka, Kidole alikaa palepale kituoni, uso kwenye barabara. Nilimwita mara moja, akatikisa sikio tu. Nikaweka mfuko chini, nikakaa naye.

Dada yako