Nilipanda Mulima na Wivu Yangu

Kasese, upande wa Uganda

Yaya Masika, dada yangu mukubwa,

Nakusalimia na mikono yote mbili. Mugongo yako inapona? Na baridi ya Bulengera, kule Butembo, munalala namna gani? Mutoto wangu Paluku anakula vizuri? Mimi niko muzima, sifa kwa Mungu, isipokuwa vidole vya miguu bado vinaniuma. Nitakueleza sababu.

Yaya, shofere mumoja wa Butembo alileta kahawa hapa, akaniambia: "Kavugho, mutoto wako amekomaa! Nilimuona ku kanisa, amelala ku magoti ya dada yako, anamuita mama."

Alifikiri ananifurahisha. Nikacheka, nikamupatia maji ya kunywa, nikaenda kulia nyuma ya jikoni.

Unajua nilimutuma kwako ku Noeli akutembelee tu. Njo vita ikaingia Beni, baba yake akafa, mimi nikakimbia na batu ya Kasindi, tukavuka mupaka mpaka huku. Sikukupatia mutoto, Yaya. Ni barabara ilifungwa, njo ikamushika kwako.

Donc, sasa nikueleze ya mulima. Tangu baliifungua tena, bazungu banakuja kupanda Ruwenzori, na mimi napikia babebaji mizigo. Ile juma iliyopita, kule karibu na barafu, mubebaji mumoja kichwa ikamuuma sana, akatapika, bakamushusha. Muzee Bwambale, kiongozi wetu, akauliza nani atabeba chai na kamba mpaka juu kabisa. Banaume kila mumoja akashika muzigo yake. Nikasema: mimi.

Bakanivalisha viatu vya misumari ya kukanyaga barafu, vikanibana vidole, bakanifunga kamba ku kiuno pamoja nabo. Pumzi ilikuwa inakatika, lakini woga sikusikia. Nilikuwa nakuona wewe tu: unamuogesha, unamukata kucha, unamufundisha kuomba mbele ya chakula. Nikazidi kukaza mwendo, kamba ikavuta benzangu. Muzee akapiga kelele:

"Mama, unakimbilia nini? Utatuua wote!"

"Iko mutu anakaa ku kiti yangu!"

"Basi ukifia hapa, hiyo kiti atabaki nayo. Tembea polepole."

Nikatembea polepole.

Kule juu bazungu bakakumbatiana, mumoja akalia. Wingu ikafunguka upande wa Congo, nikaona pori ya Mutwanga inateremuka, na mbali kabisa, milima yetu. Nikafikiri: mimi niko juu kupita batu yote, na wewe kule chini njo umeshika mutoto. Nilikuonea wivu. Hata sasa naandika, bado nakuonea. Najua bila wewe angekufa. Hiyo nayo inaniuma.

Tuliposhuka, nikamuambia Muzee atafute mupishi mwingine. Banasema mupaka ya Kasindi sasa inapitika. Shofere atanichukua akirudi, kabla ya mwezi hii kuisha.

Unisalimie shemeji, bwana yako, na mikono yake ya useremala. Salimia mama yetu kule Lubero, umuambie nimeona ile barafu alikuwa anatuonyesha tukiwa badogo. Salimia na mama pasta.

Yaya, siku nitafika, hapana kumuficha mutoto, hapana kumuvalisha nguo mupya. Akiniogopa, akijificha ku kitenge yako, hapana kumubeba. Toka inje, ufunge mulango, utuache sisi babili.

Mudogo yako,
Kavugho, mama ya Paluku