Kijimlango kwenye Dirisha la Baba

Baba,

Shikamoo. Ulikuwa na tabia ya kumaliza kwanza mkono wa randa, upulize maranda, ndipo uitikie marahaba, na sisi watoto tulisimama pale mlangoni tukisubiri. Basi nimesalimia. Nitasubiri huku naandika.

Ni mimi, Minza. Niko Kiseke, hapa Mwanza, kwenye kile chumba nilichopanga kwa ajili ya kazi, na karatasi nimeiweka juu ya meza uliyonitengenezea, ile uliyoikata mguu mmoja mfupi makusudi kwa sababu sakafu yangu imeinama. Tangu tukuzike imepita miezi minne. Kazi ya nyavu inaendelea. Nafunga nyavu kwenye madirisha na milango, nashona au kubadilisha zilizochanika, na wale wadudu wa ziwani wakiinuka juu ya maji kama moshi wa tanuru la matofali, simu yangu haipumziki. Kila anayekaa karibu na maji anataka wavu wenye matundu madogo zaidi. Ungefurahi kuona. Au pengine usingefurahi. Sijui tena ni kitu gani kilikufurahisha, na ndiyo maana nimechukua kalamu.

Unaikumbuka ile nyumba ya Buhongwa? Ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza, na wewe ulikuwa umekuja kunitembelea, nikakuchukua kwa mteja nikitaka unione nikifanya kazi. Nilikuwa nimeutundika mlango wa wavu, naupangusa. Ukausogelea, ukaugonga kwa kifundo cha kidole kwenye pembe ya chini, ukasema lile neno lako ulilowaambia vijana wote waliopita kwenye karakana yako: "Bomoa." Mwenye nyumba alikuwa amesimama palepale. Nilisikia uso wangu ukiwaka. Nilikuvuta nje nikakwambia, "Baba, wewe na mbao zako, mimi na aluminiamu yangu. Usiniingilie kazi mbele ya watu." Uliitoa penseli sikioni, ukaitia mfukoni, ukaenda kukaa kwenye kivuli cha ukuta mpaka nilipomaliza.

Sikuwahi kukwambia kwamba baada ya wiki mbili ule mlango ulishuka kwenye pembe ileile uliyoigonga. Nilirudi nikautengeneza peke yangu, nikanyamaza.

Halafu nikaja nyumbani Magu kukufungia nyavu. Nilikuwa nimelisema jambo hilo kwa muda mrefu, maana majaruba ya mpunga yako nyuma kabisa ya nyumba na mbu wa pale hawana haya, wanauma hata saa kumi ya jioni jua likiwaka. Nilikuja na fremu zimekatwa tayari kwa vipimo ulivyonisomea kwenye simu. Ulikaa kwenye kigoda chako ukanitazama kutwa nzima. Hukugusa chombo hata kimoja. Nilifurahi, Baba. Nilisema moyoni, mzee sasa amenielewa.

Mimi nilijifunza kazi kwa mafundi wa hapa mjini. Madirisha yao ni ya vioo vya kusukuma pembeni, na wavu una reli yake, ukitaka kufunga kioo unausogeza tu. Yako uliyatengeneza mwenyewe kwa mninga: vipande viwili vinavyofungukia nje, kisha nondo, na ndoano ya kufungia kwa ndani. Kufunga ni kupitisha mkono katikati ya nondo na kuvuta. Mkono wangu umepita kwenye zile nondo tangu nilipokuwa napanda kigoda kuzifikia. Kila jioni ilikuwa kazi yangu, na Mama alipokuwa hai alikuwa akiniita kutoka jikoni, "Minza, madirisha!" Na bado nilikuja na fremu zangu, dirisha likiwa wazi, nikazikaza kwa skrubu upande wa ndani, nikabana wavu na mpira wake mpaka ukakaza kama ngozi ya ngoma. Chumba cha kwanza, cha pili, cha tatu. Saa tisa nilikuwa nimemaliza na nilikuwa nawahi gari la kurudi Mwanza. Sikufunga dirisha hata moja kujaribu.

Uliinuka ukaingia chumbani kwako. Ulipitisha vidole juu ya wavu taratibu, kutoka juu kushuka chini, mpaka usawa wa ndoano iliyobaki nyuma ya wavu. Vidole vikasimama pale. Uliona. Wewe uliyekuwa ukiona mguu wa kiti umepinda kutoka ng'ambo ya barabara, ungekosaje kuona? Kisha ukanigeukia ukasema, "Vizuri, fundi."

Hukuwahi kuniita fundi kabla ya siku ile. Nilitembea mpaka barabarani na begi la vyombo sikusikia uzito wake. Wiki ileile nilimpelekea mchoraji kibao akaniandikia kwa rangi nyekundu, FUNDI MINZA, NYAVU ZA MADIRISHA NA MILANGO.

Mvua zilipoanza, uliniambia kwenye simu kwamba nyumba iko salama. Nilikuuliza kuhusu mbu, ukasema hakuna. Halafu asubuhi moja ikaja simu ya jirani yako, Mama Kulwa. Alisema homa haikuachi, na tangu jana unamwita yeye kwa jina la Mama. Nilipofika ulikuwa hunitambui. Hospitalini walisema malaria kali, wakataja figo, wakataja umri. Siku ya tatu ukaondoka, mimi nikiwa nimeushika mguu wako kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na sindano.

Kwenye mazishi Kaka Sayi ndiye aliyesoma wasifu wako. Alisoma vizuri, sauti haikukatika. Alisoma ulikozaliwa, karakana, makanisa mawili uliyotengeneza viti vyake, na mwishoni akasoma kwamba uliishi uzee wako katika nyumba nzuri, binti yako akiwa amekufungia nyavu madirisha yote kwa mikono yake. Watu wakageuka kunitazama. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Hongera mwanangu." Nilipokea ile hongera, Baba. Niliinamisha kichwa nikashukuru.

Kesho yake tuliingia chumbani kwako na Mama Kulwa kufagia. Nilipokivuta kitanda kutoka ukutani nilikuta kipande cha lile shati lako la kazi, kimekunjwakunjwa, kiko sakafuni. Sikuelewa ni cha nini. Nikainua macho. Kwenye wavu, usawa wa ndoano, palikuwa na tundu la kupitisha mkono. Umelikata kwa patasi, pande zote nne zimenyooka, maana hata kuharibu ulikuwa huwezi kuharibu ovyo. Mto wako ulikuwa chini yake.

Mama Kulwa alikaa kitandani akaniambia yote. "Mvua ya kwanza ilimlowesha mpaka godoro, dirisha halifungiki. Ndiyo akakata. Usiku wa joto akiliacha wazi, anaziba tundu na kile kitambaa, lakini upepo ukija kinadondoka, na yeye usiku hasikii." Nikamuuliza kwa nini hakunipigia. Akasema, "Alinikataza. Alisema mtoto ndiyo anaanza kazi, tusimvunje moyo."

Nimekukasirikia sana. Acha nikwambie wazi, kwa sababu sina mtu mwingine wa kumwambia. Uliwabomolea kazi zao mafundi wa Magu nzima, wengine wana wajukuu, ukashindwa kuninyoshea kidole mimi kwa dirisha la chumba chako mwenyewe? Neno moja tu. Ningeng'oa siku ileile, ningelala pale, gari ningelipanda kesho yake. Kisha hasira zikipungua nakumbuka ni nani aliyekunyamazisha, na wapi, na jinsi ulivyoitia ile penseli mfukoni.

Sijui kama ni mbu aliyepita kwenye tundu lile. Kaka Sayi anasema ulikuwa unakaa nje jioni kila siku, na mbu wa nje ni haohao. Anasema hivyo kwa sababu hajui habari za tundu. Sijamwambia.

Niliporudi Kiseke nilikiteremsha kibao nikakilaza uso ukutani. Wiki tatu sikugusa kazi. Aliyenitoa ndani ni bibi mmoja jirani, nyumba yake ya zamani, madirisha ya mbao ya kufungukia nje kama yako. Nilisimama mbele ya dirisha lake na mashine ya kutobolea mkononi, mkono ukakataa. Nikamuuliza, "Bibi, hili unalifungaje jioni?" Akanionyesha. Nikakaa chini sakafuni, nikachora, nikamtengenezea wavu wenye kijimlango kidogo usawa wa ndoano, chenye bawaba zake na kikomeo. Alikifungua na kukifunga mara nyingi kama mtoto aliyepewa kitu kipya. "Fundi, wewe umefikiria mbali," akasema. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya tangi lake la maji nikalia mpaka kwikwi zikanishika.

Sasa watu wananiita kwa ajili ya hivyo vijimlango. Wanapeana namba yangu. Kila anayenisifu ananichoma palepale, na ninatabasamu, na ninaenda kwa mwingine.

Siku ya arobaini yako, watu wakiwa wanakula uani, niliingia karakana kutafuta mahali pa kukaa peke yangu. Chini ya meza yako ya kazi, nyuma ya kopo la misumari, kulikuwa na kitu kimefungwa kwenye gazeti. Nilikifungua. Fremu ndogo ya mninga, kubwa kidogo kuliko kiganja, ndani yake kipande cha wavu nilichokiacha siku ile. Bawaba moja ilikuwa imeshafungwa. Ya pili ilikuwa imelala pembeni na skrubu zake mbili, na mahali pake umepapiga mstari wa penseli. Mstari wenyewe umetetemeka. Mikono yako ilikuwa imeanza kukataa, na hilo nalo hukusema.

Sikujua kama ulitaka kuja kunionyesha, au ulitaka kukifunga kimyakimya ili nisije nikaona kosa langu hata siku moja. Nimeligeuza jambo hili kila upande na sijapata jibu. Wala sijui kama "fundi" ulilitoa moyoni au ulinihurumia tu.

Nilivua viatu vya arobaini nikaleta vyombo. Nilisema "Bomoa" kwa sauti, peke yangu, nikabomoa. Nyavu za madirisha yote matatu. Mawili niliyatengenezea vijimlango vipya. La chumbani kwako nililifungia kile chako. Niliikaza bawaba ya pili palepale ulipopiga mstari, sikuufuta. Mama Kulwa alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya wali.

Nakuahidi, Baba. Sitatoka nyumbani kwa mtu kabla sijalifunga dirisha lake na kulifungua kwa mkono wangu mwenyewe. Na nikimwona mzee amekaa kwenye kigoda ananitazama bila kusema, nitaweka chombo chini nimuulize. Jumapili Kaka Sayi anakuja Kiseke. Nitamweleza habari za tundu, na atakachoniambia nitakipokea. Kibao nimekirudisha juu, ila lile neno la kwanza nimelifunika kwa rangi. Sasa kimebaki Minza, na nyavu.

Siku ile nilipomaliza, nilifungua kijimlango chako, nikapitisha mkono katikati ya nondo kama zamani, nikavuta, nikatia ndoano. Chumba kikawa giza. Hakuna upepo ulioingia, na kitanda kilikuwa kitupu.

Lala, Baba. Nimelifunga.

Mwanao,
Minza