Karatasi ya Otieno

Jumatatu, 9 Machi 1998

Nimefungua studio, nimefagia, nimepangusa vumbi kwenye printa ya Hamisi. Kaka yangu aliuza mashine ya kukuzia picha aliyotuachia baba, akaleta kompyuta, skana na hilo sanduku linalokoroma. Chumba cha giza sasa ni stoo. Anajiita mtu wa kisasa. Leo mtu wa kisasa ameweka karatasi kifudifudi, akachapa upande usio na dawa ya kushika wino, wino ukabaki umesimama juu yake kama mafuta ya samaki. Akaanza kuupuliza kwa mdomo. Nimecheka mpaka nikakohoa.

Mchana amekuja Mama Atieno, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka ufuko wa Dunga. Mumewe, Otieno, amefariki. Mazishi ni Jumamosi. Picha aliyonayo ni moja tu, ile ndogo ya kitambulisho. Anataka uso mkubwa, mweusi na mweupe, uwekwe upande wa kichwa cha jeneza. Hamisi amemwambia asiwe na shaka. Shaka nimebaki nayo mimi.

Jumanne, 10 Machi

Karatasi ya kung'aa, fahari ya Hamisi. Otieno ametoka kijani. Embe bichi kabisa. Mashine inachanganya rangi zote ili ipate nyeusi, na haiipati. Hamisi anasema nani atatazama rangi msibani. Jibu la mvivu.

Nimeiamuru itumie wino mweusi peke yake. Kijani kimeondoka, vimekuja vitone. Sasa marehemu ana ndui. Kwenye karatasi ya fotokopi amekuwa jivu, wino umetambaa, masikio yameungana na ukuta.

Nachukia mji huu unavyopenda kung'aa. Viatu, sufuria, meno. Sasa maiti.

Jumatano, 11 Machi

Duka la vitabu. Karatasi nene ya kuchorea, ile ya watoto wa shule. Mwenye duka akauliza ni ya darasa la ngapi. Nikalipa.

Nimeilisha printa kwa mkono. Imekwama. Nimeitoa, imekwama tena. Kisha ikapita. Wino mweusi peke yake, na karatasi imevinywa vile vitone hadi vikaungana. Weusi wa kweli, mzito, usiojionyesha. Hata kovu la kwenye nyusi limeonekana, ambalo kwa Hamisi lilikuwa doa tu. Nimekaa nikaitazama. Nimefurahi, na nimehakikisha Hamisi hakuniona nikifurahi.

Alhamisi, 12 Machi

Jaribio la kidole. Huku picha ya marehemu haitazamwi tu. Wanawake wanafika wakilia, wanampapasa uso, viganja vimelowa machozi na jasho. Anayechapa picha ya msiba bila kufikiria mikono ni mjinga. Nimelowesha kidole gumba, nikasugua. Yangu: alama hafifu. Ya Hamisi: shavu limefuata kidole. Nimemwekea kidole chenyewe chini ya pua. Kasema ni unyevu wa hewa ya ziwa, itakauka.

Jioni Mama Atieno amekuja kuchagua. Nimeziweka zote mbili mezani, nikaeleza. Nilikuwa naongea na ukuta.

"Hii inang'aa ndio nataka. Hiyo ingine imekaa karatasi ya shule, Mama. Watu watasema hatukumpenda."

Kijani hata hakukiona. Basi tuweke kioo, nikamwambia. Akakataa. Mama mzazi wa Otieno macho yake yamekufa. Kukiwa na kioo atamjuaje mtoto wake?

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Haya, chukueni.

Jumamosi, 14 Machi

Nimekwenda. Boma lao liko juu kidogo ya ufuko wa Dunga. Joto, mahema, spika inayopasua masikio. Hamisi amevaa tai, anawaonyesha watu picha yake kama aliyemzaa Otieno.

Kabla ya mahubiri kwisha paji la uso pichani lilikuwa limeshaanza kuhama na viganja vya wanawake. Kisha wakamleta yule bibi, ameshikwa mkono. Akatafuta picha, akaipata, akaweka kiganja kizima usoni na kukiacha hapo. Alimwita mwanawe kwa Kiluo, polepole. Alipokiondoa, shavu liliondoka nacho.

Hamisi alitazama viatu vyake. Mimi nilifurahi. Naandika ilivyo: nilisimama msibani nikafurahi kwamba nilisema. Nilimtazama Mama Atieno nikangoja aone, naye hakuwa akinitazama mimi.

Jumanne, 17 Machi

Mvua asubuhi. Wateja hakuna.

Mama Atieno amekuja na picha ameifunga kwenye leso. Hamisi akakimbilia printa kabla hajaulizwa, achape nyingine bure. Mama Atieno akamzuia.

"Wacha hivyo. Huo ni mkono wa mamake."

Sasa anataka kioo. Asishike mtu mwingine.

Nimemtolea ile yangu, achukue tu. Ameitazama kwa adabu, kasema ni nzuri, akanirudishia.

Nimetengeneza fremu mwenyewe. Nimezungushia kadibodi pembeni ili wino usigande kwenye kioo. Vidole vyote vinaonekana, hata mistari ya kiganja, juu ya lile shavu la kijani. Hamisi alishika ubao nikipigilia misumari.

Yangu nimeirudisha kwenye droo. Weusi umetulia, kovu linaonekana vizuri. Haina alama ya mtu yeyote.