Sura ya Papa Haionekane

Bukavu, tarehe 3 juin 2024

Mudogo wangu Mugisho,

Nakusalimia, juu Maman anasema barua haianze bila salamu. Afya iko aje huko Kamituga? Huku Maman anaendelea na tension yake ya damu. Mume wangu Évariste anakusalimia. Mimi niko muzima, na hasira tu. Ukiona namba yangu unaiacha simu inalia mpaka inachoka, njo maana nimeshika kalamu. Barua nampa dereva, Papa Télesphore, yeye camion yake haikosake kufika kwenu.

Nimefungua photo za mariage yangu. Tangu tulipomuzika Papa nilikuwa naziogopa. Jana nilijipa nguvu, juu tarehe 20 juillet tunafanya levée de deuil, tumalize kilio yake, na Maman anataka kuingia kanisani akibeba photo ya Papa amesimama. Amesimama, Mugisho! Haiko ile ya kitambulisho. Ile ya siku alitoka kwa kiti ya magurudumu pale mulangoni, mutu ambaye tangu apooze hakupiga hatua, akanishika mukono, ngoma ikalia, akacheza na mimi mpaka mbele. Hata padri, monsieur l'abbé, alilia.

Sasa nimeangalia zote ulizopiga ukanipa. Maua yangu iko clair, hata tone la maji kwa jani unaliona. Nguzo ya kanisa iko clair. Mama mumoja wa chorale, anaimba huko nyuma kabisa, sijue hata jina yake, meno yake unaweza kuhesabu. Na Papa? Papa ni flou, Papa ni moshi. Na pale alitoka katikati ya njia ya kanisa akakuja kwako, photo hazimo kabisa. Kwa harusi yangu mutu mumoja tu nilitaka aonekane.

Ulikuwa unafanya nini na ule mujicho mukubwa, ile objectif cousin Ulrich alikutumia kutoka Ubelgiji? Na kuna ingine sitasahau. Papa alikuja mbele yako, weye ukarudi nyuma. Akakuja tena, ukarudi tena. Nilikuona.

Nieleze. Usinijibu na salamu tu.

Dada yako,
Godelive


Kamituga, tarehe 14 juin 2024

Dada Godelive,

Salamu kwako, kwa Maman na kwa shemeji. Mimi afya iko. Nafanya photo passeport za wachimbaji kwa ka-studio kamoja pembeni ya soko. Wanakaa kwa tabouret, hawatikisike, na hakuna anayenitukana.

Unauliza nilikuwa nafanya nini. Nilikuwa nafanya kazi, Dada. Courant ilikuwa imekatika, ama umesahau? Kanisa giza, mishumaa, na abbé alinikataza flash. Mwanga ukikosa, unafungua objectif mpaka mwisho ili appareil ya photo ipate kuona. Lakini ikifunguka hivyo, kile kinatoka clair ni kipande chembamba. Mutu akiwa karibu ni kama vidole viwili: ukipata pua, masikio imeenda. Mutu akisimama, hakuna shida. Mutu akikuja kwako, appareil inamufuata, inakisia hatua ingine itaanguka wapi. Kwa mutu anayetembea sawasawa inakisia vizuri. Papa alikuwa anavuta muguu, anasimama, kiisha anaruka mbele ghafla. Appareil ilimungoja hapa, yeye alishafika pale. Na maua yako uliyabeba karibu kuliko sura yake, appareil ikashika maua.

Nilirudi nyuma juu ile objectif, mutu akiipita karibu, haioni kitu tena. Inaenda, inarudi, inalia kama nzi, inatafuta. Nilirudi ili nimupate! Unasikia? Ili nimupate.

Na zile hazimo, hazimo juu sikuziweka. Photo mbovu sitoe kwa mutu. Ni jina yangu.

Na mimi pia nikuambie yangu, hasira haiko ya weye peke yako. Miaka miwili Papa hakunisemesha. Tangu niliacha droit, masomo ya sheria kwa université, nikashika kazi ya photo, alisema nisikanyage mbele yake na kile kikopo changu. Kikopo! Siku ile nilimuona kupitia kijicho cha appareil anatoka njiani, mukono mbele, anakuja kwangu moja kwa moja. Nilijua tu: hata kwa ndoa ya dada yangu, mbele ya kanisa zima, anakuja kunipokonya kazi mikononi. Hiyo njo unataka muweke kwa cadre ya kioo? Aka!

Mudogo wako,
Mugisho


Bukavu, tarehe 22 juin 2024

Mugisho,

Tuko wazima. Basi, salamu imeisha.

Kwa hiyo kosa ni ya muguu wa Papa! Na ya maua yangu! Na ya courant! Weye na kikopo chako hamuna kosa. Ungeifunga ile objectif kidogo, photo itoke na giza, giza tungevumilia. Lakini ulitaka huko nyuma kuyeyuke, vile watajiri wa Ibanda wanapendaka, upate ya kuonyesha kwa Facebook.

Anakuja kukupokonya? Na mukono gani? Wa kuume niliushika mimi. Ule aliinua ni wa kushoto, ule ulikufa, ule haukuweza hata kufunga kifungo ya shati. Aliuinua mpaka kwa kiuno, na jasho inamutoka. Angekupokonya na nini, mupumbavu weye?

Nilikuwa pembeni yake. Weye ngoma ilikuziba masikio, mimi nilisikia kile alisema. Na sikuambie. Ukitaka kujua, leta photo zote, mbovu zote, usichague hata moja. Papa haiko wako peke yako.

Godelive


Kamituga, tarehe 5 juillet 2024

Dada,

Natumaini barua inakukuta muzima na tension ya Maman imeshuka. Nimechelewa juu nilikasirika, na bado. Haiwezekane mutu aniite mupumbavu, kiisha nikimbie kumutumia zawadi.

Ndani ya bahasha kuna clé USB. Zote zimo. Kabla ya kuzifunga niliziangalia moja-moja, vile nilizipiga. Papa anakuja, anakuwa mukubwa, na vile anakuwa mukubwa njo anapotea. Nimekuza sura yake mpaka ikawa madoa tu. Sijue kama amekunja uso ama anacheka. Nimetafuta mudomo, sioni mudomo. Kwa ile ya mwisho, kitu kimoja tu iko clair, vidole vyake vya kushoto. Vimefunguka. Haiko ngumi.

Miaka miwili, kila asubuhi nikiamka, nilikuwa namujibu Papa ndani ya kichwa. Nilikuwa na majibu mazuri. Sasa sijue hata ni nini nilikuwa najibu.

Alisema nini? Niambie, hata kama ni tusi. Usinifanyie hivi, Dada.

Mudogo wako,
Mugisho


Bukavu, tarehe 12 juillet 2024

Mudogo wangu Mugisho,

Maman anakusalimia, tension imeshuka kidogo. Évariste pia. Mimi hasira iko palepale, usifikiri clé USB imeimaliza.

Ile ya mwisho niliipeleka kwa labo ya kutoa photo. Mutu wa pale akaniambia: "Maman, hii ni flou, hakuna ingine?" Nikamuambia aitoe vile iko, kubwa, na cadre ya kioo. Nilifikiri Maman ataikataa. Alivaa miwani, akaitoa, akaivaa tena. Akasema: "Njo yeye. Mimi pia siku ile nilimuona hivi, nilikuwa nalia." Tangu hapo hatake mutu aiguse.

Sasa sikia. Papa alikuwa anaanguka. Muguu wa kushoto ulikuwa umechoka, na mimi, na ile robe ya harusi na maua, sikuweza kuzunguka upande wa pili. Nikamuambia, Papa, tukukalishe. Akakataa na kichwa. Akakuona. Akatoka njiani, akanivuta na mimi. Akasema: "Mugisho, shika huku." Ukarudi nyuma. Akasema tena: "Mugisho, shika huku." Ile jina hakuitaja kwa nyumba miaka miwili, mpaka Maman naye alianza kukuita "yule". Na weye ukarudi tena, jicho kwa kikopo. Njo Évariste aliruka akamushika. Mukwe, Mugisho! Mukwe njo alimushika, na mutoto wake mwanaume iko pale! Hiyo njo inaniuma. Flou ningeisamehe siku ileile.

Messe ni samedi tarehe 20, saa tatu ya asubuhi. Maman ataingia akibeba hiyo cadre. Kioo ni kizito, na magoti yake unayajua. Mimi nitakaa upande wa kuume. Kushoto hakuna mutu. Évariste alitaka, nimemukatalia. Camion ya Papa Télesphore inatoka kwenu mercredi, siku tatu kabla. Appareil ifungie huko kwa studio, ukuje na mikono mitupu.

Papa alikuita mara mbili. Mimi nakuita hii moja.

Dada yako,
Godelive