Paka Aliyekanwa kwa Saini

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Limeandikwa ndani ya jalada kama lilivyo kwenye kitambulisho. Mtaani anaitwa Mama Vipimo.
Umri: Miaka 57
Kazi: Fundi cherehani, anashonea nyumbani kwake
Makazi: Nyumba ya tatu kutoka kona, mkabala na duka la rangi na misumari
Mahali: Kituo cha polisi, chumba cha maelezo
Tarehe na saa: Tarehe 19 mwezi wa tano, saa nne na robo asubuhi
Mwandikaji: Sajini wa zamu

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimeambiwa kwamba nimeitwa kama shahidi na si mtuhumiwa, ingawa jirani yangu aliyekaa kwenye benchi hapo nje anasema vingine, na sauti yake inapenya hadi humu. Nitaeleza ninayoyajua kwa mpangilio. Afande ameniomba nisitie chumvi. Sina haja ya chumvi, mambo yenyewe yanatosha.

Ninaishi na paka wawili majike. Mkubwa anaitwa Kifungo, ana miaka kumi na moja, rangi ya majivu. Mume wangu, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa seremala, na alimwokota Kifungo karakanani kwake akiwa mdogo wa kuenea kiganjani. Mdogo anaitwa Zipu, na ni mwoga hata wa sauti ya cherehani. Wote wawili niliwapeleka kwa daktari wa mifugo wakafungwa kizazi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuvuka ukuta kwenda kwa watu.

Jirani yangu wa ukuta mmoja ni mwalimu mstaafu. Alikuwa rafiki wa mume wangu kwa miaka mingi, ndiyo maana ananiita shemeji. Siku ya msiba alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Nataka hilo nalo liandikwe, kwa sababu yanayofuata si mazuri.

Mnamo tarehe 2 mwezi wa tatu mwaka huu, saa tatu asubuhi, nikiwa napinda marinda ya sketi za shule, paka dume mweusi mwenye sikio lililochanika aliingia kwa dirisha la chumba cha kushonea. Aliponiona hakukimbia. Alizunguka chumba, akanusa mashine, akala chakula chote cha Kifungo, akampiga Kifungo kofi moja la uso, akatokea alikoingilia. Mtaa ulishampa jina la Meneja, kwa sababu huingia, hukagua na kuondoka bila salamu. Kuanzia siku hiyo alikuja kila siku, na siku nyingine mara mbili.

Nilijaribu kila kitu. Nilifunga dirisha, akaingia kwa mlango nyuma ya mteja. Mteja mwingine hata alimshikia mlango, eti alidhani ni wangu. Nilimmwagia maji, akaenda kukaa juu ya ukuta anajilamba huku ananitazama, mkavu wa macho kabisa. Nilisikia paka hawapendi harufu ya machungwa, nikapanga maganda dirishani. Meneja alikaa juu ya maganda. Zipu alihamia juu ya kabati na alikuwa akishuka kula mbio mbio tu, kisha anarudi. Kifungo alipata jeraha shingoni, likatunga usaha. Daktari wa mifugo alilisafisha, akaniambia, "Mama, dume hilo halitaacha mpaka lihasiwe. Ongea na mwenyewe."

Nilikwenda kuongea na mwenyewe. Tarehe 20 mwezi huo wa tatu, saa kumi jioni, nilimkuta Mwalimu barazani kwake anasoma gazeti. Bakuli la maziwa lilikuwa pembeni ya kiti. Nikamwambia, "Shemeji, paka wako anatutesa." Akajibu bila kushusha gazeti, "Paka gani? Mimi sina paka, shemeji. Yule anapita tu." Aliruka kimanga namna hiyo, na wakati huo paka mwenyewe amelala juu ya viatu vyake.

Afande ameniuliza kama nilimwamini. Sikumwamini. Chumba changu cha kulala kimepakana na jiko lake, na kila asubuhi saa kumi na mbili namsikia akiita, "Mwanangu, njoo ule. Njoo, mwanangu." Mwalimu anaishi peke yake.

Nilikwenda tena tarehe 4 na tarehe 17 mwezi wa nne. Majibu yalikuwa yale yale. Mara ya tatu alinikalisha chini akanipa somo zima, kwamba paka ni mnyama huru kwa maumbile yake, na kwamba wangu nimewadekeza ndiyo maana hawajui kujitetea. Nilimsikiliza mpaka mwisho kama mwanafunzi. Nilirudi nyumbani nikiwa karibu kulia, kwa hasira tu.

Sasa nifike kwenye koti.

Marehemu aliacha koti la kazi, la kaki, lenye mifuko minne. Lilikuwa linakaa kwenye kiti kilicho karibu na mashine yangu. Tangu alipofariki ni miaka miwili na miezi saba, na sikuwahi kulifua. Mimi ni fundi, nguo za watu zinapita mikononi mwangu kutwa, lakini hilo halikuguswa na maji. Lilikuwa na harufu ya vumbi la mbao, na gundi, na yeye. Kifungo alikuwa analala juu yake kila mchana. Mimi nami nikichoka nilikuwa nainamisha kichwa pale kidogo, kisha naendelea na kazi. Hata binti yangu hajui hilo. Sasa Afande anajua.

Mnamo tarehe 11 mwezi huu wa tano, saa sita na nusu mchana, nilitoka kwenda kununua uzi. Sikukaa hata dakika kumi. Niliporudi, Kifungo alikuwa amejibanza chini ya meza, na Meneja amesimama juu ya kiti, mkia juu, anakojolea koti. Alishamaliza kola na alikuwa kwenye mfuko wa kushoto. Nilipiga kelele ambazo watu wa duka la rangi walizisikia, wanaweza kuulizwa.

Kwa wasiojua, mkojo wa paka dume si jambo la kufuta na kitambaa. Nililianika koti uani siku mbili, nikidhani harufu yake itaondoka na ile nyingine itabaki. Haikuwa hivyo. Tarehe 13 asubuhi nililifua mara tatu. Sasa linanukia sabuni. Binti yangu aliniambia kwenye simu, "Mama, si koti tu?" Nikamwambia ndiyo, ni koti tu, nikakata simu. Nililirudisha kwenye kiti chake. Kifungo alilinusa, akageuka, akaenda kulala mlangoni, na mpaka leo analala mlangoni.

Siku hiyo hiyo ya tarehe 13, saa kumi na moja jioni, nilikwenda kwa Mwalimu na daftari langu la oda. Lazima nilieleze daftari hili, kwa kuwa liko hapa mezani kama kielelezo. Kila kazi ninayoipokea naiandika humo, ni nguo gani, ya nani, ifanyweje, na mteja anatia saini, kwa sababu watu husahau walichosema. Mteja akija kuchukua nguo yake, napiga mstari katikati ya maandishi na kuandika chini, "Imechukuliwa," na tarehe. Nimefanya hivyo miaka thelathini. Hakuna mtu aliyewahi kubishana na daftari langu akashinda.

Sikumwambia Mwalimu habari za koti. Nilijua nikianza tu nitalia, na sikutaka kulia mbele ya lile bakuli la maziwa. Nilimwambia, "Kama paka si wako, tia saini." Niliandika mbele yake: "Paka dume mmoja, mweusi, sikio la kushoto limechanika. Si wangu. Simfugi. Lolote atakalofanyiwa halinihusu." Mwalimu alivaa miwani, akasoma taratibu, akaongeza koma baada ya "atakalofanyiwa," kisha akatia saini. Akanirudishia kalamu na kusema, "Shemeji, una vituko wewe."

Afande ameniuliza kama ule ulikuwa mtego. Ulikuwa mtego. Nilijua paka ni wake, na yeye alijua kwamba najua. Lakini nilikuwa na saini, na koma juu yake.

Mnamo tarehe 16, saa mbili asubuhi, niliweka chakula cha Kifungo ndani ya tenga lenye mfuniko. Meneja aliingia mwenyewe bila kusukumwa, kama anavyoingia popote. Nilifunga mfuniko nikambeba mpaka kwa daktari wa mifugo. Daktari aliuliza, "Wa nani huyu?" Nikampa daftari. Alisoma, akacheka mpaka akavua miwani, kisha akamhasi. Daktari hana kosa lolote, na naomba asisumbuliwe.

Daktari aliagiza paka apumzike ndani mpaka kesho yake. Nilimweka kwenye chumba cha kujaribia nguo, juu ya mabaki ya satini ya bibi harusi. Nilimpa maji na chakula. Hakupigwa wala kuteswa, na aliondoka mnene kuliko alivyokuja.

Siku ile nzima nilimsikia Mwalimu upande wa pili wa ukuta. Alianza kuita saa tatu. "Mwanangu. Mwanangu, uko wapi?" Mchana alitoka mpaka barabarani amevaa soksi tu, akawa anainama kuchungulia chini ya magari. Nilimwona kwa dirisha. Ningeweza kufungua mlango na kumwambia. Niliendelea kushona. Katika mambo yote niliyofanya, hilo peke yake ndilo ninaloonea aibu.

Tarehe 17 saa nne asubuhi nilimfungulia paka, akapanda ukuta taratibu, akaingia kwa Mwalimu moja kwa moja. Tarehe 18, saa tisa alasiri, Mwalimu alifika getini kwangu amembeba paka kwenye taulo. Alisema kwa sauti kubwa, "Umemfanya nini paka wangu?" Majirani walishaanza kujaa. Nilimuuliza, "Paka wako yupi?" Alimfunika paka vizuri kwa taulo. Kisha akasema, "Tutaonana polisi," na safari hii hakuniita shemeji. Tumeonana.

Afande ameniuliza ninataka nini. Sitaki kulipwa na sitaki mtu afungwe. Nimechoka, nataka Kifungo arudi kulala kwenye kiti. Na nataka Mwalimu aseme mara moja tu, mbele ya mtu mwingine, kwamba paka ni wake. Kwa sababu kama paka hana mwenyewe, basi koti la mume wangu hakuna aliyeliharibu, na mimi nimekaa wiki nzima nalilia kitu ambacho hakikutokea.

Haya ndiyo maelezo yangu, na hata nikiulizwa tena mwakani nitayasema hivi hivi.

Saini ya shahidi: (ametia saini)

MAELEZO YA ZIADA YA MWANDIKAJI

Nimeyaandika maelezo haya kama yalivyotolewa na nimemsomea shahidi kwa sauti. Ameyakubali yote. Mlango wa chumba cha maelezo haufungiki vizuri, hivyo mlalamikaji, aliyekuwa kwenye benchi, naye aliyasikia.

Saa tano na dakika ishirini mlalamikaji aliingia bila kuitwa. Niliuliza anataka nini. Hakunijibu mimi. Alimuuliza shahidi, "Lile la kaki? La mifuko minne?" Shahidi alijibu ndiyo. Mlalamikaji alishika kiti. Kisha alisema, "Alikuwa amelivaa siku ya mwisho aliponitengenezea meza. Kwa nini hukuniambia, shemeji?"

Mlalamikaji alinigeukia akasema, "Paka ni wangu. Tangu hajafumbua macho ni wangu. Na koti aliliharibu yeye. Andika, Afande." Nimeandika. Mlalamikaji ameondoa malalamiko yake, na daftari la oda limerudishwa kwa shahidi.

Kabla ya kutoka, shahidi aliomba kalamu yangu. Alifungua ukurasa wenye saini ya mlalamikaji, akapiga mstari katikati, na chini yake akaandika, "Amechukuliwa," na tarehe ya leo.