Viboko Kumi na Viwili vya Yeison

Alto Guayabal,
Cauca, Kolombia.
19 Agosti 2019.

Mpendwa kaka Aldemar,

Natumai barua hii itakukuta mzima huko Hispania, na kwamba mgongo umeacha kukusumbua kwa hiyo kazi ya kuvuna saladi. Sisi tunapumua, tunashukuru. Mama anakula vizuri, ingawa miguu bado imevimba. Mahindi yamezaa mwaka huu.

Kaka, keti kabla hujaendelea kusoma. Mjomba Evaristo ametutoka. Hakuugua. Ameuawa kwa risasi.

Jumamosi ya tarehe 10, saa nne asubuhi, watu watano wenye bunduki waliingia sokoni, nyuso zimefunikwa vitambaa. Wakamkokota mwalimu Floresmiro, kwa kuwa amekuwa akiwakataza wanafunzi wake wasiende kuwavunia koka, yale majani ya kutengenezea kokeini. Walimpiga mdomoni kwa kitako cha bunduki, meno yakabaki vumbini. Pembe ya hatari ikalia. Sisi walinzi wa jamii, wanawake kwa wanaume, tukashika fimbo zetu za tepe nyekundu na kijani tukawafuata mlimani. Tulizidi mia mbili. Silaha nyingine hatubebi, unajua.

Tuliwakuta kwenye daraja la kamba. Mkubwa wao akacheka. "Mmetuletea kuni? Rudini mkapike."

"Tutapika," Mjomba akamjibu, "tukishamchukua mwalimu wetu."

Akaendelea kutembea. Yule mtu akampiga risasi ya shingo. Mjomba alianguka mbele yangu, damu yake ikanirukia mdomoni. Hata leo naionja. Nilidhani tutakimbia. Hakuna aliyekimbia. Tuliwavamia kama nyuki. Binti wa mzee Secue alipigwa risasi ya paja, naye akazidi kung'ang'ania mtutu. Fimbo yangu ilivunjikia kichwani mwa mmoja wao. Wawili walitoroka kwa kujitosa mtoni, watatu tukawakamata, muuaji akiwemo. Mwalimu tulimpata hai.

Yule niliyempasua kichwa nilimvua kitambaa kwa mkono wangu. Alikuwa mwanao, Yeison.

Nilikuandikia kwamba yuko kwenye mashamba ya kahawa. Ndivyo alivyoniambia, nami nikamwamini. Nisamehe.

"Shangazi," akasema, "sikupiga risasi hata moja." Ilikuwa kweli, bunduki yake tuliikuta imejaa. Lakini alimwona Mjomba akianguka, na bado hakuitupa.

Kesho yake kijiji kizima kilikutana. Bunduki tulizikata kwa msumeno mbele ya watoto. Muuaji na yule wa tatu wamepelekwa gerezani. Yeison alihukumiwa viboko kumi na viwili, kisha miaka minne ya kumlimia Mama Etelvina, mjane wa Mjomba. Kwa desturi yetu kiboko hupigwa na mtu wa damu ya aliyehukumiwa, nawe baba yake hupo. Nilimpiga mimi. Cha kwanza kilimpita pembeni. Mama Etelvina akanisogelea, macho makavu.

"Edilma, mpige sawasawa. Ukimwonea huruma leo, watamrudia wale, tutamzika naye."

Basi nikampiga. Cha tano kilipasua ngozi. Hakutoa sauti mpaka tulipomwosha kwa maji baridi ya dawa, hapo ndipo alipolia, akamwita Mjomba kwa jina.

Sasa anaishi kwa Mama Etelvina. Analima viazi, anapasua kuni. Mama Etelvina humpakulia chakula bila kumtazama. Watu wengine hapa hutema mate akipita, nami siwalaumu.

Jana aliniuliza kama bado ana baba. Jibu hilo si langu. Mwandikie mwenyewe, na juu ya bahasha uandike jina lake, si langu.

Mama anakusalimu, na mwalimu Floresmiro pia, japo matamshi yake sasa yanavuja hewa. Nisalimie wifi Luz Dary na mtoto. Milima hii, na wazee wetu waliolala ndani yake, wakuchunge huko ugenini.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata kwa habari kama hizi,

Edilma